Tumbo Lisilopona: Kukitambua na Kukitibu Kifua Kikuu cha Utumbo katika Wilaya za Masasi na Newala

Utangulizi

Mgonjwa anayekohoa kwa wiki mbili hupimwa makohozi. Jambo hilo limekwisha kuwa desturi katika zahanati zetu, na hata wanakijiji hukumbushana. Je, mgonjwa anayeumwa tumbo kwa miezi minne hupimwa nini? Mara nyingi hupimwa malaria, choo, mkojo na damu ya taifodi, kisha hupewa dawa. Asipopona hupimwa tena yale yale, na hupewa dawa zile zile kwa siku nyingi zaidi.

Makala haya yanahusu ugonjwa mmoja unaojificha ndani ya mzunguko huo, nao ni kifua kikuu cha utumbo. Si ugonjwa wa kila siku. Tabibu wa zahanati anaweza kufanya kazi kwa miaka kadhaa bila kukutana nao, na kwa sababu hiyo anapokutana nao humpita bila kutambuliwa. Hata hivyo, ni ugonjwa unaotibika, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuufikiria mapema, kabla utumbo haujaziba au kutoboka.

Yameandikwa kwa ajili ya watoa huduma wa ngazi zote pamoja na wagonjwa na jamaa zao. Sehemu zinazohusu vipimo zina maelezo ya kitaalamu zaidi. Msomaji asiye mtaalamu anaweza kuzipita na kwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mashauri kwa mgonjwa.

Mgonjwa wa mfano

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia. Haumhusu mtu yeyote wala kituo chochote, ila kila hatua yake itafahamika kwa aliyefanya kazi katika nyanda hizi.

Mama mwenye umri wa miaka 34, mkulima wa korosho na mihogo katika kijiji kimoja cha Newala, alianza kusikia maumivu ya tumbo upande wa chini kulia. Maumivu yalikuja na kuondoka, zaidi baada ya kula, na tumbo lilinguruma kwa sauti iliyosikika na aliyeketi karibu. Jioni alipata homa ndogo. Usiku alitoka jasho. Dukani alinunua metronidazoli. Zahanati ikampima malaria, hakuwa nayo. Mahali pengine alipimwa damu akaambiwa ana taifodi, akapewa siprofloksasini kwa siku 10. Alipata nafuu kwa wiki mbili, kisha maumivu yakarudi. Kipimo kikarudiwa, jibu likawa lile lile, naye akaambiwa kwamba taifodi yake ni sugu. Nyumbani wazee walisema ni chango, akanywa mizizi. Kufikia mwezi wa nne familia ilikuwa imekwisha kuuza magunia mawili ya korosho kwa ajili ya nauli na dawa.

Aliyebadilisha mwelekeo wa safari hiyo alikuwa muuguzi mwenye mizani. Alimpima uzito, akapata kilo 46. Kisha akauliza: "Mama, kadi yako ya kliniki ya mtoto wa mwisho unayo?" Kadi ilionyesha kilo 58. "Kilo 12 zimekwenda wapi, mama yangu?" Mama akajibu kwamba alidhani ni njaa ya kiangazi tu, kwa kuwa chakula hakikai tumboni. Muuguzi hakuandika tena taifodi. Aliandika rufaa, na juu yake akaweka maneno haya: maumivu ya tumbo miezi minne, homa za jioni, kupungua uzito kilo 12, je, ni kifua kikuu?

Vimelea hufikaje tumboni

Bakteria wa kifua kikuu, Mycobacterium tuberculosis, alitangazwa na Robert Koch tarehe 24 Machi 1882. Wengi tunamhusisha na mapafu, ambako ndiko anakopenda zaidi. Lakini anaweza kuishi karibu katika kila kiungo, na tumboni hufika kwa njia kuu nne. Ya kwanza ni kumeza makohozi yenye vimelea, kwa mgonjwa ambaye mapafu yake yameathirika. Ya pili ni damu, ambayo huvisambaza vimelea kutoka mahali vilipolala tangu maambukizo ya awali. Ya tatu ni kuenea kutoka tezi limfu au viungo vya jirani. Ya nne ni maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye kifua kikuu, ambaye hubeba bakteria ndugu aitwaye Mycobacterium bovis. Ufugaji wa ng'ombe haukuwa kazi kubwa ya watu wa nyanda za Makonde, lakini katika miaka ya karibuni wafugaji wamehamia katika mikoa ya Lindi na Mtwara, na maziwa yanapatikana zaidi kuliko zamani. Kuyachemsha huua vimelea hivyo.

Ndani ya tumbo, mahali panaposhambuliwa zaidi ni pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, karibu na kidole tumbo. Hapo chakula hupita polepole na tishu za limfu ni nyingi, hivyo vimelea hupata muda na mahali pa kujipenyeza. Ukuta wa utumbo hufanya vidonda, huvimba, na baadaye hujikunja kwa makovu hadi njia inakuwa nyembamba. Wagonjwa wengine hushambuliwa utando unaozunguka matumbo, wakajaa maji tumboni. Wengine huvimba tezi za ndani ya tumbo. Aina hizi huweza kumpata mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja.

Kwa nini taifodi hutajwa kwanza

Katika nyanda za Makonde, shida ya maji ni ya zamani. Ardhi ya juu hunyonya mvua, na chemchemi ziko chini mabondeni. Vizazi vingi vya kina mama viliteremka na kupanda miteremko wakiwa na maji kichwani, kabla na hata baada ya kujengwa miradi ya kuyasukuma juu kwa mashine. Mahali ambapo maji ni ya shida, magonjwa ya tumbo yatokanayo na uchafu ni hofu ya haki. Taifodi ya kweli ipo, huua, na haipaswi kudharauliwa.

Tatizo ni kipimo kinachotumiwa kuithibitisha. Kipimo cha Widal, kilichovumbuliwa mwaka 1896, hakimtafuti bakteria mwenyewe. Hutafuta kingamwili katika damu, na kingamwili hizo zinaweza kuwapo kwa sababu ya maambukizo ya zamani, chanjo, bakteria wengine wa jamii hiyo, au hata malaria. Kipimo kimoja chenye jibu chanya, kwa mtu anayeishi katika eneo lenye taifodi, hakitoshi kuthibitisha ugonjwa. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha bakteria kutoka katika damu kabla ya mgonjwa kuanza dawa.

Kuna mtego mwingine. Siprofloksasini na ndugu zake wa kundi la fluorokwinoloni humdhoofisha kwa kiasi bakteria wa kifua kikuu pia. Mgonjwa hupata nafuu ya siku chache, tabibu huamini kwamba alipatia, na ugonjwa huendelea kimyakimya. Nafuu fupi inayofuatwa na kurudi kwa homa isichukuliwe kuwa ushahidi wa taifodi. Ichukuliwe kuwa sababu ya kufikiri upya.

Kanuni rahisi ya kukumbuka ni muda. Taifodi ni ugonjwa wa wiki. Homa yake huwa kali, na utumbo ukitoboka, hutokea zaidi katika wiki ya tatu. Kifua kikuu cha utumbo ni ugonjwa wa miezi. Anayesema "tumbo hili nalo tangu mavuno" hana budi kufikiriwa zaidi ya taifodi.

Dalili na uchunguzi wa mwili

Dalili zinazopaswa kuamsha shaka ni maumivu ya tumbo ya zaidi ya wiki nne, homa ndogo za jioni, kutoka jasho usiku, kukosa hamu ya kula na kupungua uzito. Choo hakina kanuni: wengine huharisha, wengine hufunga choo, na wengine hubadilishana hali hizo mbili. Tumbo linalojaa baada ya kula, kunguruma, kisha kutulia kwa kishindo cha upepo, ni dalili ya utumbo ulioanza kuwa mwembamba. Kwa kina mama, kukoma kwa hedhi na kutopata ujauzito kunaweza kuambatana na ugonjwa huu, kwa sababu kifua kikuu cha tumbo huweza kufika kwenye mirija ya uzazi.

Katika uchunguzi, mambo manne yasikosekane. Pima uzito na ulinganishe na uzito wa zamani; kadi za kliniki ya wazazi na za bima mara nyingi hubeba kumbukumbu ambayo mgonjwa mwenyewe ameisahau. Papasa tumbo lote taratibu, ukitafuta uvimbe upande wa chini kulia, au tumbo lililo kama unga uliokandwa. Gonga ubavuni kutafuta maji. Papasa shingo na makwapa, kwa maana tezi iliyovimba shingoni ni rahisi kuchukuliwa sampuli kuliko utumbo.

Historia iulizwe kwa upole na kwa ukamilifu: je, nyumbani kuna aliyewahi kutibiwa kifua kikuu? Je, mgonjwa anakohoa, hata kidogo? Je, hali yake ya VVU inajulikana? Mtu mwenye VVU ambaye hajaanza dawa yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu nje ya mapafu.

Vipimo kwa kila ngazi ya huduma

Katika zahanati na kituo cha afya, kazi kubwa ni kushuku na kutuma. Pima malaria, VVU, wingi wa damu, sukari, na choo kwa ajili ya minyoo na amiba. Kama kuna makohozi, yatumwe kwenye kipimo cha GeneXpert. Mgonjwa mwenye dalili za miezi asirudishwe nyumbani na dozi ya tatu ya dawa ya taifodi.

Katika hospitali ya wilaya au ya misheni, kama Mkomaindo ya Masasi, hospitali ya Newala, na Ndanda, kuna hatua zaidi. Picha ya eksirei ya kifua ipigwe, lakini isipoonyesha kitu isimwondolee mgonjwa shaka: wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha tumbo wana mapafu yanayoonekana safi. Ultrasaundi ya tumbo ni kipimo chenye manufaa makubwa. Mpimaji atafute maji tumboni, kuzunguka moyo na mapafu. Tezi limfu zenye upana unaozidi sentimita 1.5, madoa madogo katika bandama, na ukuta wa utumbo ulionenepa upande wa chini kulia. Kwa mgonjwa mwenye VVU, matokeo hayo yana uzito mkubwa zaidi, na kipimo cha mkojo cha LAM kinaweza kutoa jibu siku hiyo hiyo kwa aliyedhoofika.

Maji ya tumboni yakipatikana, yavutwe kwa sindano na yapimwe. Katika kifua kikuu, maji huwa na protini nyingi, kwa kawaida zaidi ya gramu 2.5 kwa desilita, na chembe nyeupe nyingi ni limfosaiti. Albamini ya damu ukiitoa albamini ya maji, tofauti huwa chini ya gramu 1.1 kwa desilita. Ikizidi hapo, fikiria ini au moyo kwanza. Mahali penye kipimo cha kimeng'enya cha ADA, kiwango cha kuanzia takribani yuniti 39 kwa lita huunga mkono kifua kikuu. Hadubini mara chache sana huwaona bakteria katika maji haya, na GeneXpert pia huwakosa kwa wagonjwa wengi. Jibu chanya lina maana kubwa, lakini jibu hasi halifungi mlango.

Katika hospitali ya rufaa, daktari anaweza kuingiza kamera kupitia njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana. Vidonda vya kifua kikuu aghalabu huzunguka utumbo kama pete, na mlango wa kuingilia utumbo mwembamba huwa wazi au umeharibika. Vipande kadhaa vya nyama vichukuliwe, hasa kwenye kingo za vidonda.

Hapa pana kosa dogo lenye gharama kubwa. Vipande vyote vikitumbukizwa katika fomalini, mtaalamu wa tishu atavisoma, lakini bakteria wamekwisha kufa na haiwezekani tena kuwaotesha. Chupa ziwe mbili: moja yenye fomalini kwa ajili ya kusoma tishu, ya pili yenye maji safi ya chumvi kwa ajili ya GeneXpert na kuotesha. Ndiyo njia pekee ya kujua kama bakteria ni sugu kwa dawa. Kanuni hiyo ifuatwe pia na daktari wa upasuaji anayefungua tumbo usiku kwa sababu ya utumbo ulioziba: asifunge kabla ya kuchukua tezi moja na kuigawa katika chupa mbili.

Magonjwa yanayofanana nacho

Saratani ya utumbo, saratani ya tezi limfu, amiba aliyefanya uvimbe, usaha wa kidole tumbo, kichocho cha tumbo, na ugonjwa wa Crohn vinaweza kuonekana vile vile. Ugonjwa wa Crohn unahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu hutibiwa kwa dawa zinazopunguza kinga ya mwili, kama prednisoloni. Dawa hizo akipewa peke yake mgonjwa wa kifua kikuu humwangamiza. Pale ambapo haijulikani ni upi kati ya magonjwa hayo mawili, katika nchi yetu ni salama kutibu kifua kikuu kwanza na kutazama matokeo.

Ugonjwa adimu zaidi ni ule wa Whipple, ulioelezwa na George Whipple mwaka 1907, ambao husababishwa na bakteria Tropheryma whipplei. Kwa kawaida huanza na maumivu ya viungo yanayohamahama kwa miaka, kisha huja kuharisha na kukonda. Hutambuliwa kwa vipande vya utumbo mwembamba vilivyotiwa rangi maalumu iitwayo PAS, na hutibiwa kwa seftriaksoni kwa wiki mbili, ikifuatwa na kotrimoksazoli kwa mwaka mmoja. Tunautaja kwa sababu mgonjwa wa viungo katika nyanda hizi huenda akaambiwa haraka kwamba ana chikungunya.

Chikungunya yenyewe inatufunza jambo. Jina hilo ni la Kimakonde, likimaanisha kile kinachomkunja mtu. Mwaka 1952 homa ya kuvunja viungo ilipoenea katika nyanda hizi, ilifanana sana na dengi, ugonjwa uliokuwa tayari unajulikana. Waliochunguza hawakutosheka na jina lililokuwa mezani. Walisikiliza wagonjwa walivyoueleza, wakachukua damu, na virusi vipya vikatambuliwa. Dunia nzima sasa hutumia neno la Newala kwa ugonjwa huo, kwa kuwa mtu fulani aliona kwamba maelezo ya wagonjwa na utambuzi wa kawaida havilingani. Kwa mgonjwa wa tumbo lisilopona tunahitaji tabia hiyo hiyo.

Matibabu

Matibabu ni yale yale ya kifua kikuu cha mapafu: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi miwili, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi minne. Dawa huunganishwa katika kidonge kimoja, na idadi ya vidonge hufuata uzito. Hivyo mizani ihusishwe katika kila hudhurio, maana mgonjwa anayepona huongezeka uzito na huenda dozi ikabadilika. Tafiti zilizolinganisha miezi 6 na miezi 9 kwa kifua kikuu cha tumbo hazikuonyesha kwamba muda mrefu zaidi una faida iliyo dhahiri.

Wilaya isiyo na kamera isimwache mgonjwa kufa akisubiri. Pale dalili, ultrasaundi na maji ya tumboni vinapoelekea upande mmoja, na magonjwa mengine yamepimwa, daktari anaruhusiwa kuanzisha matibabu kwa vigezo vya kitabibu. Lakini uamuzi huo una sharti: mgonjwa afuatiliwe kwa karibu. Homa inapaswa kushuka na hamu ya kula kurudi ndani ya wiki chache. Kama baada ya miezi miwili ya kumeza dawa ipasavyo hakuna nafuu, tabibu arudi mwanzo na kufikiria saratani, ugonjwa wa Crohn au bakteria sugu. Ni aibu kuacha kufikiri mara mbili kwa mgonjwa mmoja.

Kwa mwenye VVU, dawa za kufubaza virusi zianzishwe ndani ya wiki mbili tangu kuanza dawa za kifua kikuu, isipokuwa kama utando wa ubongo umeathirika. Anayetumia dolutegraviri huhitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, kwa sababu rifampisini huimaliza haraka mwilini. Mama anayetumia vidonge au vipandikizi vya uzazi wa mpango aelezwe kwamba rifampisini hupunguza nguvu yake. Kitanzi au kondomu vitamfaa zaidi. Ujauzito na kunyonyesha havizuii matibabu. Piridoksini, yaani vitamini B6, itolewe kuzuia ganzi ya miguu.

Upasuaji si tiba ya kifua kikuu cha utumbo. Ni tiba ya madhara yake: utumbo uliotoboka, ulioziba kabisa, au unaotoa damu isiyokoma. Wakati mwingine kovu huendelea kujikunja huku vidonda vikipona, hivyo utumbo huweza kuziba wakati mgonjwa anatumia dawa vizuri. Mama wa mfano wetu, ambaye vipande vyake vya utumbo vilithibitisha ugonjwa, alitapika na kufunga choo katika mwezi wa pili wa dawa. Kwa kuwa alikuwa ameonywa, alifika hospitalini siku hiyo hiyo. Akawekewa mpira wa puani na dripu, na utumbo ukafunguka bila kisu. Alimaliza miezi sita akiwa na kilo 55.

Uwezo wa kutibu bila malipo haukuja wenyewe. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ikishirikiana na Daktari Karel Styblo. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Daktari Leader Stirling, mpasuaji aliyekuwa amefanya kazi kwa miaka mingi Lulindi, katika wilaya ya Masasi. Njia iliyojaribiwa hapa nchini, yaani dawa za uhakika, msimamizi wa matibabu na daftari linalomfuata kila mgonjwa hadi mwisho, ilikuwa miongoni mwa misingi ya mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza katika miaka ya 1990. Daftari hilo lina nafasi ya kuandika kifua kikuu cha nje ya mapafu. Tuijaze.

Mashauri kwa mgonjwa na familia

Ukiumwa tumbo kwa zaidi ya mwezi mmoja, ukakonda na kupata homa za jioni, mwambie mtoa huduma mambo hayo matatu kwa pamoja. Usimtajie tumbo pekee. Beba kadi zako zote za zamani, hata zilizochakaa.

Kifua kikuu cha utumbo hakiambukizwi kwa sahani, kikombe wala kulala pamoja. Hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa chakula. Kinachoambukiza ni kifua kikuu cha mapafu, kupitia hewa. Kwa hiyo mgonjwa apimwe mapafu pia, na wanaoishi naye wachunguzwe.

Mkojo kuwa wa rangi ya chungwa ni jambo la kawaida kwa rifampisini, usiogope. Lakini macho yakiwa ya manjano, acha dawa na nenda kituoni siku hiyo hiyo. Fanya haraka vilevile kama macho yanapoteza uwezo wa kuona vizuri, unatapika bila kukoma, tumbo limejaa na kuwa gumu, au hupati choo wala upepo. Usinywe dawa ya kuharisha ili kufungua tumbo lililoziba.

Nafuu huja mapema, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Msimu wa korosho ukifika na unalazimika kuhamia shambani, mweleze muuguzi kabla ya kuondoka, akupatie dawa za kutosha au akuandikie kituo cha karibu. Anayetumia dawa za mizizi aseme bila woga, na mtoa huduma asimkemee, kwa maana anayekemewa leo kesho atanyamaza.

Hitimisho

Ugonjwa adimu hautambuliwi kwa kuutafuta kwa kila mgonjwa. Hutambuliwa kwa kuuliza, pale dawa sahihi ya ugonjwa wa kawaida inaposhindwa, kama ugonjwa huo ulikuwapo tangu mwanzo. Zahanati yoyote yenye mizani na kadi ya zamani inaweza kuanza uchunguzi huo.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa amepimwa Widal mara mbili na majibu ni chanya, lakini anaumwa kwa miezi mitatu na amekonda. Kwa nini majibu hayo hayatoshi? 
Jibu: Yanaonyesha kingamwili tu, ambazo huweza kubaki kwa muda mrefu au kusababishwa na mambo mengine; na miezi mitatu si tabia ya taifodi.

2. Kwa nini vipande vya utumbo vigawanywe katika chupa mbili? 
Jibu: Fomalini huhifadhi tishu lakini huua bakteria, chupa ya maji ya chumvi huwezesha kuotesha na kupima usugu.

3. Mgonjwa katika mwezi wa pili wa dawa anatapika na hapati choo. Je, dawa zimeshindwa? 
Jibu: Si lazima. Kovu linaweza kuwa limeufinya utumbo wakati vidonda vinapona. Alazwe haraka, achunguzwe, na matibabu ya kifua kikuu yasikatishwe bila sababu.